Mafuta ya Mwilini: Hesabu Iliyopigwa Kando ya Ziwa Eyasi

Mbukwenyi, ndugu zangu.

Hapa Dodoma kila kitambi kina maelezo yake. Mzee alikuwa mwembamba kwa sababu alilima na kutembea. Mtoto wake kanenepa kwa sababu ya kiti cha ofisi na bodaboda. Yanaingia akilini. Ila mwanaanthropolojia Herman Pontzer na wenzake, akiwemo mwanaakiolojia Audax Mabulla wa kwetu, hawakuridhika na kuingia akilini. Waliwafuata Wahadzabe, jirani zetu wa bonde la Ziwa Eyasi wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma porini, wakawapima. Matokeo yakatoka mwaka 2012.

Kipimo chenyewe ndicho kinachostahili muda wetu, maana wengi wanataja kalori bila kujua zinahesabiwaje kwa mtu anayezunguka porini. Mshiriki anatoa kwanza mkojo kabla ya chochote. Kisha anakunywa kiasi cha glasi ndogo ya maji yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito. Si mionzi, haina madhara. Baada ya saa chache maji hayo yameshachanganyika na maji yote ya mwili, unachukua mkojo tena, halafu tena kila baada ya siku kadhaa kwa wiki moja hadi mbili. Haidrojeni nzito ina mlango mmoja wa kutokea: maji, yaani mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Oksijeni nzito ina milango miwili: maji, na hewa ukaa, kwa sababu ndani ya damu oksijeni ya maji na ya hewa ukaa hubadilishana. Kwa hiyo oksijeni hupungua upesi zaidi. Ile tofauti ya kasi ndiyo hewa ukaa uliyotoa, na hewa ukaa ni moshi wa chakula ulichounguza.

Panapoharibika ni kwenye chupa. Kifuniko kikilegea kwenye joto, maji mepesi hutangulia kuruka, mazito yanabaki, na hesabu inapotoka. Kwa hiyo chupa ijae, ifungwe barabara, igandishwe mapema. Kosa la pili ni kusahau ule mkojo wa kwanza. Maji yote ya kunywa yana uzito huu kidogo kwa asili, na maji ya kisima cha Mzakwe hayawi sawa na ya bwawa la Hombolo linalopigwa jua mchana kutwa. Mtu akihama chanzo cha maji katikati ya kipimo, msingi wako umehama naye. La tatu ni dozi kumwagika: tone lililobaki mdomoni mwa kikombe nalo lisuuzwe linywewe.

Maji hayohayo, kwa jinsi yalivyozimuliwa na maji ya mwili, yanakupa na kiasi cha mafuta ya mwilini. Nyama ya mwili isiyo na mafuta ni maji kwa asilimia 73 hivi. Mafuta karibu hayana maji. Chukua mtu wa kilo 80 aliyekutwa na kilo 38 za maji. Gawanya 38 kwa 0.73, unapata 52. Zilizobaki, kilo 28, ni mafuta: asilimia 35. Mizani pekee isingekwambia hilo, kwani kilo 80 za mbeba magunia wa Majengo ni kitu kingine kabisa.

Sasa matokeo. Wanaume wa Kihadzabe walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, wanawake 5.8. Mafuta yao: asilimia 13.5 kwa wanaume, 20.9 kwa wanawake. Wembamba kweli. Lakini nishati waliyotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, haikuzidi ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti: ukitumia zaidi miguuni, hubana kwingine, kwa mfano kwenye kazi ya kinga inayoleta uvimbe wa ndani na kwenye homoni za msongo. Wapo wanaobishana naye juu ya ukubwa wa kubana huko, na mjadala haujafungwa. Msiache mazoezi, moyo na insulini vinayahitaji. Ila kuyategemea yafute sahani ni hesabu mbovu.

Na umri? Mwaka 2021 kundi la watafiti lilichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400, kuanzia watoto wa siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Ukiondoa tofauti za ukubwa wa mwili, umetaboli, yaani kasi ya mwili kutumia nishati, haukubadilika kati ya miaka 20 na 60. Kitambi cha miaka 35 hakina pa kujifichia.

Tubaki na sahani basi. Wahadzabe hula asali nyingi sana, kwa hiyo sitawaambia utamu ni sumu. Nitagusa alizeti, fahari ya Dodoma na Singida. Ni kweli mafuta yake hayana lehemu (kolesteroli). Watu wanasikia “haina lehemu” wanaelewa “hainenepeshi”, wanamimina. Gramu ya mafuta, yawe ya alizeti au ya ng'ombe, ni kilokalori 9. Ya wanga ni 4. Lita moja ina uzito wa gramu 920 hivi, yaani karibu kilokalori 8,300. Nyumba ya watu 6 ikimaliza dumu la lita 5 kwa wiki 3, kila mmoja amekula kilokalori 330 kwa siku za mafuta ya kupikia peke yake, kabla hujahesabu ugali wala mlenda. Kuzitembea hizo, mtu wa kilo 70 anahitaji kilomita 6 hadi 7 kila siku, na bado mwili unaweza kubana kwingine.

Kukadiria kwa macho hakusaidii, kwa sababu mkono wa mpishi hurefuka kadiri dumu linavyokuwa jipya. Bandika utepe ubavuni mwa dumu, andika tarehe kila Jumapili pale mafuta yalipofikia. Kijiko cha chakula ni gramu 14 hivi, kilokalori 120 na ushee. Kitumike hicho badala ya kuinamisha dumu juu ya sufuria. Chapati ndizo zitakazokusumbua, maana hunywa mafuta kwenye unga na tena kwenye kikaango.

Haya, mwenye swali anyooshe mkono.