Hiyo "Sisi" Yako, Mie Nimo?

Haya, asanteni. Shikamooni wakubwa zangu mliokaa hapo mbele, na wadogo zangu habari za jioni. Nimeambiwa niongelee utaifa na watu wanaoblogu, yaani ule uraia wako unavyokufanya ujione na uwaone wengine ukishakaa mbele ya kiibodi, na mimi nimekuja na karatasi nne tu, hizi hapa mkononi. Ni posti moja niliyoiandika Januari 2008 pamoja na komenti zake. Nimeziprinti kwa sababu blogu yenyewe haipo tena, nitafika huko. Mstari wa kwanza unasema hivi: "Sisi Watanzania tumshukuru Mungu, haya mambo ya wenzetu kwetu hayapo." Lishikeni hilo neno sisi, na hilo wenzetu, na hilo kwetu, maana leo ntazunguka hapo hapo.

Kwanza tukumbushane tulikotoka, maana kuna vijana humu wakati blogu zinaanza walikua hawajazaliwa. Blogu za Kiswahili hazikuanzia Kariakoo wala hapa Tanga. Ndesanjo Macha alikua Marekani alipoanza kuandika Jikomboe mwaka 2004. Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, yeye kaanzisha ya kwake Septemba 2005 akiwa Helsinki, Finland, yuko safarini kikazi. Wote wawili walikua mbali na nyumbani, na mi naamini hilo lilichangia sana, maana Utanzania wako unausikia vizuri ukiwa mahali ambapo huwezi kununua mihogo ya kukaanga jioni wala hakuna wa kumwamkia shikamoo.

Wanaoikumbuka Globu ya Jamii ya Michuzi watakumbuka ilivyokua: harusi, misiba, ziara za rais, Taifa Stars, mtu katafuta ndugu yake aliyepotezana naye miaka kumi. Mwenyewe ni Ankal, wasomaji ni wadau, na kazi yote ya kublogu inaitwa kuendeleza libeneke. Sasa angalia watu walivyokua wanajisaini kwenye komenti: mdau Houston, mdau Ughaibuni. Hakuna aliyeandika mdau Msambaa. Mtu ambae hapa Tanga alikua mtoto wa Ngamiani, au Mdigo, au Mbondei, akishafika Houston na kufungua ile blogu usiku baada ya shifti anakua Mtanzania, basi, na anaongea kama Mtanzania na anagombana kama Mtanzania. Mi nililipenda sana jambo lile na bado nalipenda.

Lakini lilikua na upande wa pili. Wenzetu Kenya, blogu zao nyingi zilikua za Kiingereza, na Sheng kidogo. Ukiandika kwa Kiingereza unaandika mlango uko wazi, mgeni yeyote anaweza kuingia muda wowote, kwa hiyo unajieleza, unaweka historia kidogo, unajipanga. Ukiandika kwa Kiswahili cha Dar umekaa barazani na watu wako, husemi mara mbili. Matokeo yake Wakenya wakatusoma kidogo sana, na sisi tukawasoma wakiwa wamevaa nguo za kupokelea wageni, alafu kila upande ukaamini unamjua jirani yake.

Sasa ile posti.

Desemba 2007 Wakenya wamepiga kura, matokeo yametangazwa tarehe 30, siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na nchi ikaanza kuwaka. Waliokufa walizidi 1,100 mpaka moto ule unazimika. Wakati redio na TV zimebanwa, watu wakahamia kwenye blogu. Ory Okolloh, aliyekua anaandika Kenyan Pundit, akawa anapokea habari kwenye komenti na kwenye imeili kutoka kila kona, hii ya Eldoret, hii ya Kisumu, hii ya Kibera, mpaka mtu mmoja hawezi kuzimudu, na mwanzoni mwa Januari akauliza kama kuna anayeweza kutengeneza ramani ya kuonyesha vurugu zinapotokea. Wakajitokeza kina Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia, ndani ya siku chache ramani ikazaliwa mtandaoni, wakaiita Ushahidi, na miaka miwili baadae programu hiyo hiyo inatumika kwenye tetemeko la Haiti. Nataka muone walichokifanya pale. Nchi imekatika vipande vya kabila, hata kwenye komenti watu wanatukanana kwa majina ya makabila, na kikundi kidogo cha wanablogu kikakataa, kikasema hapa tunaandika kama Wakenya, na ripoti ya Mjaluo na ya Mkikuyu zinakaa kwenye ramani moja. Hapo utaifa ulikua kazi ya mikono, mtu analala masaa matatu tu kwa usiku, anahakiki habari.

Na mimi siku hizo hizo nilikua kwenye intaneti kafe, saa moja shilingi mia tano, feni inazunguka, naandika kwamba sisi ni kisiwa cha amani. Nimeandika aya sita. Kwamba Mwalimu alitulea vizuri, kwamba Kiswahili kimetuunganisha, kwamba ukabila kwetu hakuna, kwamba wenzetu waje wajifunze. Komenti zikaja haraka, naam mdau, umenena, tumshukuru Mungu, mpaka komenti ya sita zote ni za kunisifu.

Ya saba ni ya mtu wa Pemba. Jina sitalitaja. Aliandika mistari minne, naisoma kama ilivyo: "Kaka, mie Januari 2001 nilivuka usiku kwa mashua kwenda Shimoni, na mama yangu na mdogo wangu mgonjwa. Wakenya ndio walotupokea, wakatupa chai. Miaka saba tu hiyo. Hiyo sisi yako, mie nimo?"

Nilikaa nikaangalia skrini mpaka muda wangu ukaisha, yule dada wa kaunta akaniuliza naongeza au natoka.

Kwa msiojua, au mliojua mkasahau kama mimi: tarehe 26 na 27 Januari 2001, Unguja na Pemba, watu waliandamana kupinga uchaguzi wa mwaka 2000, vyombo vya dola vikafyatua risasi, wakafa zaidi ya 30, na zaidi ya watu 2,000 wakakimbilia Kenya, Shimoni pale, ambapo kwa humu ndani kuna wenye shangazi na wajomba, maana Tanga na Kwale ni ukoo mmoja uliopitiwa na mpaka. Yaani Tanzania ilishatoa wakimbizi, wakimbizi wa Kitanzania kabisa, na aliyewapokea ni yule yule jirani niliyekua namwandikia aje ajifunze amani kwangu. Na mi sikudanganya kwa makusudi, na hili ndo limenisumbua miaka yote hii. Nilikua najua habari ya 2001, niliisikia redioni kama kila mtu. Ila nilipoandika sisi, lile neno likaja na orodha yake tayari, na kwenye orodha ile Mpemba wa kwenye mashua hakuwemo. Hakuna aliyemtoa. Mzee Karume na Mwalimu waliunganisha nchi mbili tarehe 26 Aprili 1964, na mimi kwenye aya sita nilikua nimebakiwa na moja bila kujua.

Toka siku ile nikaanza kusoma blogu za watu kwa namna nyingine, naangalia sisi yao ina nani, na jirani yao wamemweka wa kazi gani. Na nilichokiona mara nyingi ni kwamba jirani anatumika kama kioo, mtu anamwandika Mkenya ili ajione yeye, Mkenya hivyo hivyo kwetu.

Chukueni Novemba 2015. Magufuli kaapishwa tarehe 5, kaanza kubana matumizi, kafuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba akasema siku hiyo watu wafagie. Mara hashitegi ya #WhatWouldMagufuliDo, yaani Magufuli angefanyaje, imewaka Afrika Mashariki nzima, na Wakenya waliishabikia kweli kweli, picha za watu wanabana matumizi majumbani mwao. Sisi huku tukavimba vichwa, jamani wanatamani rais wetu! Lakini ukizisoma vizuri zile posti za Nairobi, Tanzania haimo. Humo mna Kenya, mna hasira zao na wizi wa serikalini kwao, na jina la Magufuli ni fimbo ya kuchapia watu wa nyumbani. Na sisi tuliokua tunachekelea hatukuwauliza mmejua nini kuhusu huku, maana raha ya kusifiwa na jirani ilikua inatutosha.

La CNN nitalipitia haraka kwa sababu wengi mnalijua. Julai 2015 Obama anataka kutua Nairobi, CNN wakasema anakwenda kwenye ukanda ambao ni kitovu cha ugaidi, Wakenya wakafufua #SomeoneTellCNN, yaani mtu awaambie CNN, waliyoitumia toka 2012, wakapiga kelele mpaka bosi mmoja wa CNN, Tony Maddox, akapanda ndege mwezi wa nane kwenda kuomba radhi. Miezi mitatu tu kabla, Aprili, wanafunzi na wengine jumla 148 walikua wameuawa Chuo Kikuu cha Garissa, na wanablogu hao hao waliibana serikali yao wakiuliza ulinzi uko wapi. Kwa hiyo kidonda walikijua kuliko CNN. Walichokataa ni mgeni kukishika. Mi siwalaumu hata kidogo, ningefanya hivyo hivyo, ila mtu akiwa analinda jina la nchi kwa miaka mingi mkono unazoea, siku Mpemba wake akija na mashua yake na yeye anamwona mgeni.

Sasa 2018, na hapa naomba mnivumilie maana ni habari ya blogu yangu. Mwezi Machi zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, kila mwenye blogu akate leseni: laki moja ya kuomba, milioni moja ya leseni, milioni moja ya mwaka, jumla milioni 2 na laki 1, na ukikaidi faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miezi 12 au vyote pamoja. Blogu yangu haijawahi kuniingizia hata hela ya bando. Juni nikaifunga. Kenya nao, Mei ya mwaka huo huo, wamesainiwa sheria ya makosa ya mtandao, chama chao cha wanablogu, BAKE, kikaenda mahakamani, na tarehe 29 Mei vifungu 26 vikasimamishwa.

Mnaweza kukisia yaliyoandikwa. Wakenya wakatuandikia pole, Watanzania ni wapole, hawawezi kusimama. Na kilichoniuma ni kwamba na sisi wenyewe tukaandika hivyo hivyo, aa sisi ni watu wa amani bwana, sisi sio kama Wakenya. Wakati kuna watu walikwenda Mahakama Kuu kule Mtwara kuzipinga zile kanuni, wakapata zuio la muda, na likaondolewa kabla mwezi haujaisha. Walisimama! Wakashindwa, sawa, ila walisimama, na hawakuingia kwenye stori yoyote kwa sababu hawafanani na picha tuliyojichorea, ya upole, ambayo Mkenya anaipenda kwa sababu inamfanya yeye awe shujaa, na sisi tunaipenda kwa sababu inatupumzisha.

Kabla sijaifunga blogu nilirudi kwenye ile posti ya 2008. Nilitaka kuifuta kabisa, nikashindwa, komenti ya saba ingeenda nayo. Nikatoka nikaenda kwenye stesheneri ya kuprinti, shilingi mia kwa ukurasa. Yule ndugu wa Pemba nilimjibu siku ile ile 2008, nilimwandikia neno moja tu, "Samahani," na hakurudi tena, na mpaka leo sijui kama aliisoma.

Karatasi nazipitisha kuanzia upande huu wa dirisha, naomba zisikunjwe. Ukizipata soma kwanza komenti ya saba, alafu ndo urudi juu kwenye posti. Haya, dada pale nyuma umenyanyua mkono muda mrefu, karibu.