Kuipanga Orodha ya Match: Ubingwa wa Usingizi Marekani, Hospitali Ipi Iwe ya Kwanza?

ELIA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo tunazungumza na madaktari waliomaliza huku kwetu, Dar, Moshi, Nairobi, Kampala, ambao wameomba kusomea ubingwa wa usingizi na ganzi Marekani. Usaili umekwisha, sasa kila mmoja ameketi mbele ya kompyuta anapanga orodha ya hospitali kwa ajili ya Match, ule mfumo unaowapangia madaktari hospitali za kusomea ubingwa. Dada Zainabu, shikamoo.

ZAINABU: Marahaba, Elia. Hamjambo wasikilizaji.

ELIA: Niingie moja kwa moja. Swali linalojirudia kuliko yote ni hili: "Kuna hospitali kubwa naitamani, ila sidhani kama watanichukua. Nikiiweka ya kwanza, si nitakuwa nimepoteza chaguo langu la kwanza bure?"

ZAINABU: Hapana, hujapoteza kitu. Naomba nilieleze taratibu, maana watu wanaacha nafasi nzuri kwa hofu hii hii. Match imekuwepo tangu 1952, na leo inaendeshwa na NRMP, shirika la Marekani la kazi hiyo. Utaratibu wanaotumia sasa ulisukwa upya na Alvin Roth na mwenzake Elliott Peranson, ukaanza kutumika 1998. Roth ndiye aliyepata Nobeli ya uchumi 2012 pamoja na Lloyd Shapley. Hospitali nazo zinapanga waombaji, ila kompyuta inaanza na matakwa ya mwombaji. Tuseme Asha ameweka Boston ya kwanza, Cleveland ya pili. Anapelekwa Boston. Boston imejaa watu iliowapanga juu yake, hapati. Anashuka Cleveland. Cleveland nayo imejaa, lakini kati ya walioshikilia nafasi kuna mmoja ambaye Cleveland ilimpanga chini ya Asha. Huyo anatolewa, Asha anaingia.

ELIA: Hata kama huyo aliyetolewa aliiweka Cleveland ya kwanza?

ZAINABU: Hata kama. Cleveland haioni Asha ameiweka ya ngapi. Na yule aliyetolewa naye anaendelea na orodha yake, anajaribiwa panapofuata. Hakuna aliyeshika nafasi moja kwa moja mpaka orodha zote zimepitiwa. Kwa hiyo kuanza na unachokitaka hakukupunguzii chochote kule chini.

ELIA: Na barua za kutoka kwenye programu, yaani idara zinazotoa mafunzo? "Tumekupenda sana, tunakutarajia." Mtu akipata hiyo anahama orodha nzima.

ZAINABU: Asihame. Kanuni za NRMP haziruhusu programu kukudai useme umeipanga ya ngapi. Wewe ukitaka kusema, sema, na usidanganye. Lakini maneno matamu ya barua hayamfungi mtu. Kinachofunga ni orodha, na ukishapangiwa mahali umefungwa kweli, ni mkataba.

ELIA: Sawa. Basi tuje kwenye kutaka kwenyewe. Mimi nakiri wazi, naangalia jina. Ukirudi nyumbani na cheti cha hospitali inayojulikana duniani, milango inafunguka.

ZAINABU: Jina lina uzito wake, hasa ukitaka baadaye kubobea kwenye usingizi wa moyo au wa watoto. Lakini jina halikai na wewe thieta. Mimi ningeuliza kesi. ACGME, chombo kinachoidhinisha mafunzo haya Marekani, wameweka kiwango cha chini cha kesi ambacho kila daktari mwanafunzi lazima akifikie: watoto 100 wa chini ya miaka 12, na humo wawemo 20 wa chini ya miaka 3, na 5 wa chini ya miezi 3. Upasuaji wa moyo 20. Upasuaji wa ndani ya fuvu 20. Kujifungua kwa upasuaji 20. Hiki ni kiwango cha chini, Elia. Kuna mahali mtu anakipita katikati ya mafunzo, na kuna mahali anahangaika mwaka wa mwisho kutafuta vichanga watano.

ELIA: Vichanga watano wanaleta tofauti gani kwa mtu ambaye hataki kubobea kwenye watoto?

ZAINABU: Mtoto wa wiki nne ametapika siku tatu, njia ya kutoka tumboni imeziba, anahitaji upasuaji. Tumbo lina maji, koo lake ni dogo, na akiacha kupumua oksijeni inashuka haraka kuliko ya mtu mzima. Umeshika laringoskopu, kifaa cha kuonea koo, na ule mlio wa oksimita, kipimo cha oksijeni, unaanza kuwa mzito. Hapo hutaki iwe mara yako ya kwanza. Na wewe ukirudi Dodoma au Mwanza, huyo mtoto ataletwa kwako, upende usipende. Hakuna wa kumpasia.

ELIA: Hapo nimekuelewa. Ila programu haiwezi kuniambia "kwetu vichanga ni wachache".

ZAINABU: Usiwaulize viongozi, waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho. "Kesi za watoto mnafanyia hapa hapa au mnapelekwa hospitali nyingine? Kesi za moyo zikija, anaingia nani, wewe au yule anayesomea ubobezi?" Hili la pili ni zito. Hospitali inaweza kuwa na upasuaji wa moyo kila siku, na wewe ukabaki unashika kamba za monita. Halafu waulize jinsi wao na wauguzi wa usingizi wanavyogawana kazi. Kuna idara ambazo jioni mwanafunzi anapokelewa zamu ili akasome, na kuna idara ambazo yeye ndiye anayewapokea wengine.

ELIA: Na usiku?

ZAINABU: Usiku ndio ningeuliza kuliko yote! Saa tisa usiku amekuja mjamzito anatoka damu, bingwa wako yuko wapi? Yuko jengoni? Anakuja kwa dakika ngapi? Kanuni inasema bingwa mmoja asisimamie zaidi ya vyumba viwili kwa wakati mmoja akiwa na wanafunzi. Sikiliza wanavyojibu. Wakitazamana kabla ya kujibu, hilo ni jibu.

ELIA: Kuna kitu kingine kinawachanganya watu, mwaka wa kwanza.

ZAINABU: Ndiyo, tukiseme haraka. Usingizi ni miaka minne, mmoja wa tiba ya jumla na mitatu ya usingizi wenyewe. Nafasi nyingine zinakupa yote minne mahali pamoja. Nyingine zinaanzia mwaka wa pili, mwaka wa kwanza unajitafutia. Ukiweka nafasi ya aina hiyo kwenye orodha, iambatanishie orodha ndogo ya mwaka wa kwanza. Usipofanya hivyo unaweza kupata usingizi ukakosa pa kuanzia.

ELIA: Na viza? Maana hapa ndipo sisi tunapotofautiana na mwenyeji.

ZAINABU: Viza iangalie kabla ya hayo yote. Programu nyingi zinapokea J-1 tu, viza ya mafunzo. J-1 inahitaji barua kutoka wizara ya afya ya nchi yako, na ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili, isipokuwa upate msamaha wa sharti hilo. H-1B, viza ya kazi, haina sharti la kurudi, lakini lazima uwe umefaulu mapema Step 3, mtihani wa mwisho wa leseni ya udaktari Marekani, na si kila hospitali inakubali kuigharamia. Piga simu, uliza, pata jibu kwa maandishi. Programu isiyoweza kukupa viza usiipange, hata ukiipenda vipi.

ELIA: Mimi J-1 hainitishi. Nyumbani madaktari wa usingizi ni wachache mno. Shirikisho la dunia la wanausingizi linapendekeza angalau 5 kwa kila watu 100,000, na sisi tuko mbali sana na hapo.

ZAINABU: Basi hilo liingie kwenye orodha yako. Wewe unayerudi weka juu mahali wanakofundisha ganzi ya mishipa ya fahamu kwa mikono mpaka unaizoea, mahali wanakopokea majeruhi wengi, na penye ICU nzito, chumba cha wagonjwa mahututi. Mashine utazikuta chache, mikono utakuja nayo.

ELIA: La mwisho. Kuna hospitali nilisailiwa, sikuipenda kabisa. Niiweke mkiani?

ZAINABU: Jiulize, ikitokea umepangiwa hapo, utakwenda? Kama bora ukose kabisa, iache. Kama bora huko kuliko kurudia maombi mwaka mzima mwingine na gharama zake, iweke, tena mwisho kabisa. Kwa anayetoka nje ningemshauri asiwe na orodha fupi kwa sababu ya kuchagua sana. Na ukimaliza, bonyeza kuthibitisha. Kuhifadhi peke yake hakutoshi, orodha isiyothibitishwa haiingii. Mlango unafungwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, tarehe iko kwenye akaunti yako.

ELIA: Majibu?

ZAINABU: Wiki ya tatu ya Machi. Jumatatu unaambiwa kama umepata au hukupata, Ijumaa unaambiwa wapi. Aliyekosa anaanza Jumatatu hiyo hiyo kugombea nafasi zilizobaki, kwa hiyo vyeti na barua zake viwe tayari kabla.