Karo Lisilojaa

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na vijana, hamjambo. Namshukuru mwenyekiti wa mtaa kwa kunipa nafasi nizungumze habari za makaro yetu ya majitaka na ile chemchemi ya bondeni. Naanza na neno ambalo nimelisikia katika nyumba nyingi hapa kwenye vilima vya Pugu, na zamani nililisema mwenyewe kwa fahari: "Karo langu lina miaka kumi na tano, halijawahi kujaa."

Hebu tulitazame neno hilo. Nyumba ina watu wanane. Maji ya choo, ya bafuni na ya jikoni yanaingia kila siku, asubuhi na jioni. Lisipojaa miaka yote hiyo, maji hayo na uchafu wake vimekwenda wapi?

Nawajibu kama fundi, kwa sababu nimeyajenga makaro hayo. Tulikuwa tunachimba shimo, tunapandisha tofali pembeni, chini tunaacha udongo mtupu, juu tunamwaga zege. Mwenye nyumba anafurahi kwamba hatalipia gari la kunyonya. Masika moja niliitwa kwenye nyumba niliyoijengea karo la namna hiyo. Kisima chao kilikuwa kimeanza kunuka. Nikapima kwa miguu: hatua kumi na mbili kutoka karo hadi kisima. Yule mama alinichotea maji kwenye ndoo nyeupe. Kwa macho yalikuwa safi kabisa, ila ukiinama unaisikia harufu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu uji wa mtoto aupike kwa maji gani. Tangu siku hiyo sijajenga tena karo lililo wazi chini.

Karo la kweli ni sanduku lisilovuja. Kazi yake ni kuyatuliza maji. Vizito vinazama na kuwa tope, mafuta yanaelea juu na kufanya utando, na katikati yanabaki maji ambayo kidogo yamepungua taka. Maji hayo ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda kwenye shimo la kufyonza, lile linaloyaacha yanywewe na udongo. Ndiyo maana nimekuja na kipande hiki cha bomba la inchi nne, hii T. Itazameni. Inafungwa kwenye tundu la kutokea, mguu wake unazama chini ya utando, kwa hiyo mafuta na vinavyoelea haviwezi kupita. Ni kitu cha bei ndogo, na katika makaro niliyofunua mtaani, mengi hayana. Fundi aliona ni gharama ya bure.

Lakini hata karo zuri halimalizi kazi. Wanaomaliza ni udongo na wadudu wadogo waliomo humo, wale tusiowaona kwa macho. Maji yakipita taratibu kwenye mchanga wenye hewa, vijidudu vingi vya kipindupindu na homa ya matumbo vinanaswa na kufa. Mchanga ukishalowa kabisa, kama masika maji ya ardhini yanapopanda, hewa haipo tena na vijidudu vinasafiri mbali. Kwa hiyo mtu anayechimba shimo la kufyonza refu "mpaka akute maji" anafanya kinyume kabisa. Anauondoa ule mchanga mkavu ambao ungemsafishia. Mimi nashauri mifereji mipana yenye kina kifupi, imejazwa kokoto, na chini yake pabaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu hata katikati ya masika. Juu panda majani au migomba. Mwembe uweke mbali, mizizi yake inaingia kwenye mabomba.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Mkojo una naitrojeni nyingi. Ikifika kwenye udongo wenye hewa inageuka kuwa naitreti, na naitreti huyeyuka kwenye maji kama chumvi. Mchanga hauishiki. Kuchemsha hakuitoi, maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita kwenye maji ya kunywa, na anayelengwa hasa ni mtoto mchanga anayenyweshwa chupa, kwa kuwa ikizidi inaizuia damu yake kubeba hewa vizuri. Kule bondeni, kwenye jiwe tunalokanyaga tukiteka maji, mmeuona ule ute wa kijani. Peke yake hauthibitishi kitu, maji lazima yapimwe maabara. Ila naitreti ni mbolea, na kijani hupenda mbolea.

Wenzetu wa Florida, Marekani, wamelipitia hili. Nchi yao imekaa juu ya mawe ya chokaa yenye mapango, na maji machafu yanapita humo haraka kufika kwenye chemchemi. Chemchemi zilizokuwa angavu zikafunikwa na mwani. Mwaka 2016 walitunga sheria ya kuzilinda, na chemchemi 30 zikapewa hadhi ya pekee. Katika maeneo yaliyotengwa kuzizunguka, mahali pasipo na bomba la majitaka, anayeweka karo jipya kwenye kiwanja kisichozidi ekari moja lazima aweke na njia ya kupunguza naitrojeni. Njia mojawapo ni kutandika tabaka lenye vipande au machujo ya mbao chini ya mchanga. Mle chini hakuna hewa, wadudu wanakula mbao na wanapata pumzi yao kutoka kwenye naitreti. Inayobaki ni gesi, inapanda juu na kwenda zake.

Udongo wetu si wa Florida. Lakini viwanja vyetu ni vidogo kuliko vyao, na sisi wote tumejenga juu, chemchemi iko chini. Vijito vya vilima hivi vinakwenda mto Msimbazi, na Msimbazi unapita Vingunguti na Jangwani hadi baharini pale daraja la Selander. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chemchemi ndiyo mto unapozaliwa, kwa hiyo mimi hizo 60 naziona ndio mwanzo. Kabla hujachimba, waulize Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Ukubwa? Nyumba ya watu wanane, kila mtu lita 80 kwa siku, ni lita 640. Maji yatulie siku mbili, ni 1,280. Tope weka lita 40 kwa mtu kwa mwaka, miaka mitatu ni 960. Jumla lita 2,240. Sanduku lenye urefu wa mita 2, upana mita 1 na kimo cha maji mita 1.2 linatosha, likigawanywa vyumba viwili, cha kwanza kikiwa kikubwa. Likishapigwa plasta na kukauka, lijaze maji, chora mstari wa mkaa ukutani, funika, rudi kesho yake. Maji yakiwa yameshuka sana chini ya mkaa, linavuja, na fundi asimaliziwe hela yake.

Baada ya hapo, litajaa tope. Linapaswa kujaa. Naomba msiufunike mfuniko kwa pevingi wala vigae, gari likija lipate pa kuingiza mpira. Pampasi na matambara visiingie chooni. Na mvua ikinyesha, tusitapishe, yaani tusifungulie karo limwagike na maji ya mvua. Najua inafanyika usiku, na najua kulipa gari ni mzigo kwa familia nyingi. Nyumba tano zikichanga na kuita gari siku moja mnaweza kuelewana bei na dereva. Anayetapisha, taka yake inashuka pale wanapoteka maji watoto wa jirani yake, na wa kwake.

Sasa twende nyuma ya ofisi, mwenyekiti ametuachia tulifunue karo la hapa. Nina mti huu mrefu, nimeuzungushia taulo jeupe. Tutauzamisha hadi chini, tusubiri dakika chache, tuutoe polepole, na weusi utakaobaki kwenye taulo ndio kimo cha tope. Tope na utando vikifika theluthi moja ya karo, tunaita gari. Watoto wabaki hapa kivulini. Asiinamie mtu kwenye tundu wala asiwashe kiberiti, gesi ya humo inaua. Kijana mmoja mwenye nguvu anisaidie kuinua mfuniko, na mwingine ashike ndoo ya majivu na sabuni.