Karanga, figo na kodi ya Mmarekani

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo Baraka kaingia studio na kopo la siagi ya karanga, na kila nikimuuliza la nini ananiambia subiri.

BARAKA: Subiri kweli, litafika zamu yake. Kwanza nieleze, yule mjomba wako aliyepandikizwa figo, dawa zake anamezaje?

ZUHURA: Kwa saa. Simu yake inalia saa mbili asubuhi, inalia tena saa mbili usiku. Hata tukiwa harusini, utamwona anatoa kikasha mfukoni, anaomba maji. Figo alipewa na mdogo wake wa tumbo moja, lakini mwili mpaka leo unaiona ngeni.

BARAKA: Akiacha dawa?

ZUHURA: Kinga ya mwili inaishambulia. Na akizimeza ndiyo hivyo, kinga imedhoofishwa yote, mafua ambayo mimi na wewe tunayapita tukiwa kazini, yeye yanamlaza.

BARAKA: Haya, hapo ndipo penye mada. Kuna watafiti waliouliza: kwa nini tuipige kinga nzima usingizi? Si tuifundishe tu imzoee mgeni huyu mmoja, wengine iendelee kupambana nao? Hiyo ndiyo inaitwa ustahimilivu wa kinga. Mwaka 1999 serikali ya Marekani, kupitia taasisi yake ya taifa ya mzio na magonjwa ya kuambukiza, ile NIAID, ikatoa fedha kuanzisha mtandao wa watafiti, Immune Tolerance Network. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Jeffrey Bluestone.

ZUHURA: Ngoja, Baraka. Marekani ina makampuni ya dawa yenye fedha za kumwaga. Serikali inaingiaje hapo?

BARAKA: Fikiria utafiti ambao ukifanikiwa, mgonjwa anaacha dawa. Kampuni gani itaukimbilia?

ZUHURA: Ahaa. Ni kumwambia mwenye duka la unga akufundishe kulima mahindi.

BARAKA: Umemaliza! Mfano mmoja wa kazi ya mtandao huo ni Boston, katika hospitali ya Massachusetts General. Madaktari walimpa mgonjwa figo pamoja na uboho wa mtu yuleyule aliyetoa figo. Maana uboho ndiko zinakotengenezwa chembe za kinga. Kwa hiyo kwa muda mgonjwa anakuwa na chembe za aina mbili, zake na za mwenye figo, zinakaa nyumba moja na kuzoeana. Taarifa yao ilitoka mwaka 2008: wagonjwa watano, ambao figo walizopewa hazikulingana nao kikamilifu. Wanne waliacha dawa za kushusha kinga, figo zikaendelea kufanya kazi.

ZUHURA: Na wa tano?

BARAKA: Figo aliyopewa ilikataliwa, akaipoteza.

ZUHURA: Mmoja kwa watano si mchezo. Nikimpigia mjomba leo nikamwambia habari hii, atataka kutupa kikasha baharini.

BARAKA: Mwambie asithubutu! Wale waliachishwa hatua kwa hatua, wakiwa wanapimwa na madaktari, na walikuwa wameandaliwa kabla hata ya figo kuingia. Yeye hakuandaliwa hivyo.

ZUHURA: Nitamwambia. Haya, kopo.

BARAKA: Kopo! Kule Uingereza na Marekani wazazi wanaogopa karanga kama tunavyoogopa nyoka. Mzio nao ni kinga kukiona chakula kama adui: mtoto mwenye mzio wa karanga akila punje moja, koo linavimba, pumzi zinakata. Mwaka 2000 madaktari wa watoto Marekani walishauri watoto walio hatarini wasipewe karanga mpaka wafike miaka mitatu. Ushauri ule uliondolewa 2008, lakini hofu ilishakaa. Sasa profesa mmoja wa London, Gideon Lack, yeye na wenzake wakalinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wale wa Israel. Wale wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga mara kumi zaidi.

ZUHURA: Damu moja, basi tofauti iko mezani.

BARAKA: Iko mezani hasa! Israel watoto wachanga wanatafuna kitu kinaitwa Bamba, kama zile bisi laini za pakiti, ila zina karanga. Ndipo likaja jaribio la LEAP. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa NIAID kupitia mtandao ule. Watoto 640, wa miezi minne hadi kumi na moja, wote wana pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai. Walipimwa kwanza, waliokwisha kuonyesha dalili kubwa za mzio wa karanga hawakuingizwa. Nusu wakaambiwa wasiguse karanga, nusu wakalishwa angalau mara tatu kwa wiki, mpaka wakatimiza miaka mitano.

ZUHURA: Miaka mitano unamfuatilia mama na kijiko! Matokeo?

BARAKA: Yalitoka 2015. Walioepushwa, kwenye kila 100, kama 17 walipata mzio. Waliolishwa, kama 3.

ZUHURA: Kwa hiyo ile hofu ndiyo iliyokuwa ikiwaumiza.

BARAKA: Maelezo ambayo watafiti wengi wanayashika ni kwamba chakula kikipita mdomoni, kinga inakipokea kama mgeni aliyepiga hodi. Lakini vumbi la karanga likipenya kwenye ngozi iliyopasuka kwa pumu ya ngozi, hilo limeingia dirishani, linapigwa kama mwizi. Mtoto asiyelishwa anakutana na karanga kwa dirishani tu.

ZUHURA: Na hapo pia hakuna wa kuuza kitu. Nani atamiliki hatimiliki ya uji wa karanga? Bibi yangu?

BARAKA: Na jingine nililolipenda: mtandao uliweka wazi data za majaribio yake, mtafiti mwingine anaingia anazichambua upya. Kodi imelipwa na Mmarekani, watoto wamepimwa London, na takwimu anaweza kuzisoma mwanafunzi wa Muhimbili.

ZUHURA: Hapo nimewasifu, na mimi si mwepesi wa kusifu serikali yoyote. Tumalizie na wanaolisha watoto huko nyumbani. Sisi karanga kwenye uji wa lishe tunaweka, lakini si kila anayeweka anaweka vizuri.

BARAKA: Nzima usimpe mtoto mdogo, zinakaba. Zisagwe laini. Na zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe, huenda zina sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na kuchemsha hakuiondoi. Mwenye mtoto mwenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai aonane na daktari kabla ya kijiko cha kwanza.

ZUHURA: Mtoto akishazoea, unaendelea kumpa?

BARAKA: Waliolishwa ndivyo walivyofanya, wiki baada ya wiki, miaka yote ile.

ZUHURA: Basi nipe hilo kopo. Na mkate uko wapi?