Upepo wa Bango la Diani

[Muziki wa kufungulia]

BARAKA: Karibuni tena. Leo daftari langu lina mafunzo matatu kwa wanaotengeneza matangazo ya AR, ule uhalisia ulioongezwa, kwa michezo ya hatari. Lakini dada Mwanaidi ameingia na jambo lake.

MWANAIDI: Nimetoka nalo Diani, pwani ya Kenya, wiki hii. Kuna bango la kinywaji limebandikwa karibu na ufuo. Ukilielekezea simu, kijana wa katuni anachomoka pichani na kaiti yake, ile tiara kubwa inayomvuta mtu juu ya maji akiwa kwenye ubao, anapaa juu ya kichwa chako. Vijana wamejazana pale. Sasa ukiitazama ile kaiti, upepo wake unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini.

BARAKA: Wafafanulie walioko Dodoma.

MWANAIDI: Mwalimu wa kaiti anataka upepo unaopita sambamba na ufuo, au unaoingia kwa mshazari kuelekea nchi kavu. Ukianguka, unarudishwa ufuoni. Diani kaskazi ya Desemba hadi Machi hivi, na kusi ya katikati ya mwaka, zote mbili huingia namna hiyo. Upepo wa kutoka bara ni habari nyingine. Kaiti ikilala majini, unasukumwa nje ya mwamba wa matumbawe, na huko usubiri boti. Halafu katuni imeanza safari yake kwa kusimama mchangani, kaiti iko wima juu ya kichwa.

BARAKA: Hapo pa wima ndipo penye balaa.

MWANAIDI: Mchangani kaiti hushikwa chini, upande wa maji. Ikikaa utosini, dharuba moja inakunyanyua na kukubwaga ukutani au kwenye mnazi. Ndiyo maana mwanafunzi anaambiwa aache nafasi tupu upande upepo unakoelekea, zaidi ya mara mbili ya urefu wa kamba. Kamba ni mita 20 na kitu, kwa hiyo zungumzia mita 50.

BARAKA: La upepo ninalielewa. Mchoro umefungwa kwenye bango, haujui kaskazini ni wapi. Mchoraji kaipeleka katuni kushoto kwa sababu nembo iko kushoto. Likibandikwa ukuta wa pili wa barabara, upepo unageuka.

MWANAIDI: Si simu ina dira?

BARAKA: Dira ya simu kando ya nguzo ya chuma au mabati hupotoka vibaya. Namna ya kuaminika ni kila bango kupewa msimbo wake wa QR, na ndani ya kiungo mna namba ya uelekeo wa ukuta, iliyopimwa siku ya kubandika. Programu inaisoma namba hiyo na kuugeuza upepo.

MWANAIDI: Hata kusomeka lilisomeka kwa taabu. Watu wanazungusha simu, wanasogea, wanarudi nyuma, picha haitoki.

BARAKA: Picha yenyewe ni ya nini?

MWANAIDI: Anga theluthi mbili, chini bahari na mchanga. Pembeni wameweka pindo la kanga.

BARAKA: Basi wamekosea kote. Chukua ARCore, mfumo wa AR wa Google, ndio ulio kwenye Android nyingi. Hautumii rangi kuitambua picha. Anga ya buluu na bahari ya kijani kwake ni kijivu kitupu, hakina pa kushika. Unatafuta kona kali na tofauti za mwanga zisizojirudia. Pindo la kanga lina kona tele, ila zinajirudia, kwa hiyo simu haijui iko kona ipi. Google wanatoa kifaa kiitwacho arcoreimg, unaipa picha yako inakupa alama kati ya 0 na 100. Wanashauri 75 kwenda juu, na picha isipungue pikseli 300 kwa 300. Kabla ya kwenda kwa mchapaji, pitisha hapo. Ni bure.

MWANAIDI: Na badala ya anga uweke nini?

BARAKA: Ngalawa zimepangwa ovyo, kamba, matanga yenye viraka, watu. Fujo isiyo na ulinganifu. Na umbali! Picha inatakiwa ijaze robo ya kile kamera inachoona ndipo itambuliwe mara ya kwanza. Kwa simu ya kawaida, bango dogo la saizi ya A3 usogee hadi sentimita 60 hivi. Lile kubwa la A0 unaweza kusimama mita moja na nusu au zaidi kidogo. Sasa mtu anabandika A3 ng'ambo ya mtaro, nani atavuka?

MWANAIDI: Baraka, daftari...

BARAKA: Nakuja. Plastiki ya juu iwe isiyong'aa. Ile ya kung'aa, saa kumi jioni jua likiwa limelala, inageuka kioo. QR nayo ina kipimo cha mafundi: umbali gawanya kwa kumi. Mtu akiwa mita tatu, msimbo uwe sentimita 30.

MWANAIDI: Na wale ambao simu iliwagomea kabisa?

BARAKA: Simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu, kihisi kinachojua simu inavyogeuzwa. Programu ikague kwanza; ikikosekana, icheze video ya kawaida. Na ukifungua kiungo ndani ya programu ya ujumbe, mara nyingi kamera inakataliwa, kwa hiyo andika hapo hapo bangoni: fungua kwa Chrome au Safari. Siku hizi kazi nyingi ziko kwenye kivinjari, maana Meta walifunga Spark, jukwaa lao la kutengenezea vichujio vya AR, Januari 14, 2025, na vichujio vyote vya Instagram vilivyotengenezwa na watu wa nje ya Meta vikaondoka.

MWANAIDI: Sawa, bango lako linasomeka. Lakini nasema hivi: hata likisomeka, ile ruka ya katuni, kule kupaa hewani, isiwepo. Katuni haianguki. Kijana anaona kupaa na kutua basi. Mafunzo ya jumla ya saa 9 hadi 12, kujifunza kuiachia kaiti wakati wa hatari, kujiokoa majini, hakuna hata moja.

BARAKA: Tangazo halifundishi, dada. Kazi yake ni kumfikisha shuleni. Mwaka 2014 Pepsi Max waligeuza kioo cha kituo cha basi New Oxford Street, London, kuwa skrini iliyoonesha chui milia na vimondo barabarani. Watu walishtuka, wakaishia kutazama.

MWANAIDI: Kwa sababu hakuna anayekodisha chui milia hatua chache kutoka pale! Kaiti inakodishwa. Kumbuka kichujio cha kasi cha Snapchat, kilichoandika kasi yako juu ya picha. Wisconsin, Marekani, 2017, vijana watatu wamekufa garini, na kichujio kilikuwa kimerekodi maili 123 kwa saa, karibu kilomita 198. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikasema kesi ya wazazi dhidi ya kampuni hiyo inaweza kuendelea, na mwaka huo huo kichujio kikaondolewa.

BARAKA: Kile kilipima kasi yako mwenyewe. Kilikutaka ufanye jambo. Katuni inakutaka utazame.

MWANAIDI: Mtoto wa miaka kumi na tano hatenganishi hivyo akiwa ufuoni na wenzake wanamrekodi.

BARAKA: Na ukiondoa ruka, hatafika kwa mwalimu kamwe. Ataiona kwenye video za mtandaoni, ambako hakuna hata namba ya shule. Weka kofia ngumu, upepo sahihi, kaiti chini upande wa maji, kisha kitufe cha shule iliyo jirani. Ruka ibaki.

MWANAIDI: Sikubali. AR ioneshe upepo wa leo na mita 50 za usalama pale pale mchangani. Hilo ndilo video haiwezi.

BARAKA: Nani atasimama kutazama mita 50 za mchanga?

MWANAIDI: Anayetaka kuruka.

BARAKA: Mimi pia sisogei hapo. Na fundi ananionesha dakika moja. Mafunzo matatu hayasomwi leo.

MWANAIDI: Angalau malizia namna ya kupima ukuta, wapo watakaobandika wiki hii.

BARAKA: Haraka. Usiegemee ukuta, zege lina nondo. Toka mita mbili mbele, ligeuzie bango mgongo, soma dira, halafu linganisha na upande ambao ukuta unatazama kwenye ramani ya setilaiti. Zikitofautiana, fuata ramani. Na namba hiyo iandikwe nyuma ya bango kwa wino usiofutika, kwa sababu likihamishwa...

[Muziki]