Rangi haifichi kitu: mhadhara kwa wanaofufua gari ya zamani nyumbani

Haya, tukae tuanze, maana kila aliyenisalimia hapo mlangoni ameshanionyesha picha kwenye simu na swali ni lilelile, nipige rangi gani, nyeusi itakaaje, ya kumetameta itakaaje. Leo sijibu hilo swali. Wanaonijua wanajua naanzia wapi na watanivumilia, kwasababu hili jambo nalisema kila ninapoitwa na bado watu wananunua rangi kabla hawajanunua msasa. Rangi haifichi kitu. Chochote utakachoacha chini yake, kutu, mafuta, mkwaruzo, puti ya hovyo (ule mchanganyiko wa kujazia mabonde kwenye bati), kitatoka juu, na kitatoka ukiwa umeshamaliza hela.

Kuna kijana aliniletea gari yake, sedani ya zamani, nyekundu, kaipiga rangi mwenyewe nyuma ya nyumba na kwa kweli ukiitazama kwa mbali unampa mkono, inang'aa, mistari imenyooka. Shida ilikuwa vipele. Chini ya mlango wa nyuma karibu na tairi, vipele vidogovidogo, ukivipapasa unavisikia kabla hujaviona. Akasema nadhani wameniuzia rangi feki. Nikachukua sumaku, hii ndogo ya kawaida, nikaivisha kitambaa chembamba isikwaruze, nikaanza kuishusha kutoka juu ya mlango. Juu inanasa vizuri. Katikati inanasa. Tukashuka kidogo ikaanza kulegea, kufika kwenye vipele ikadondoka yenyewe. Sumaku inashika chuma, puti haiishiki, ndo maana kila anayeenda kununua gari ya zamani namwambia aende nayo mfukoni. Nikamwomba ruhusa, nikachukua bisibisi, sikuchoma, niligusa tu, ikazama ndani. Tukaanza kubandua. Puti ilikuwa nene kuliko kidole changu cha gumba, na nyuma ya puti tukakuta magazeti. Magazeti jamani! Yamekunjwa yakasindiliwa kwenye tundu, bado yana unyevunyevu, na lile bati lililoyazunguka ukilifinya linabaki mkononi unga wa kahawia. Yani kuna mtu kabla yake alikuta tundu, akalijaza karatasi, akapaka puti juu akaiuza gari, na huyu kijana akaja akapiga rangi ya gharama juu ya magazeti. Rangi yake haikuwa feki hata kidogo, ilikuwa nzuri kabisa.

Sasa kwanini vile vipele vinatokea, maana ukielewa hapa hutahitaji mtu akusimamie. Chuma kikishika kutu kinavimba, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilichoizaa, kwahiyo inasukuma, na inasukuma upande ulio laini ambao ni rangi yako. Alafu puti ya kawaida ya magari inanyonya maji, ndani yake kuna unga kama wa poda, ukiiacha kwenye unyevu au ukaipiga juu ya kutu inavuta maji na kuyashikilia palepale kwenye bati. Na kutu nyingi ya milango na bodi ya chini inaanzia ndani, haianzii nje. Chini ya kila mlango kuna matundu madogo ya kutolea maji, maana maji ya mvua yanapita pembeni ya kioo yanaingia mlangoni, hiyo ni kawaida, gari imetengenezwa hivyo, ila yale matundu yakizibwa na matope na majani maji yanatuama humo miaka na miaka. Kipele unachokiona nje ni mwisho wa safari, ndani kutu ilishakula kama mchwa. Ukitoka hapa leo kachukue kijiti, zibua yale matundu, hiyo kazi haina gharama.

Najua kuna mtu anasema mzee mimi sina mashine ya kuchomelea. Sawa, huna, basi kile kipande kimoja peleka kwa anayejua kuchomelea, akate mpaka afike kwenye bati zima, aweke bati jipya, urudi nyumbani uendelee na yako. Hakuna aliyesema kila kitu kifanyike nyumbani. Ila tundu halizibwi na puti, wala na fiba juu ya kutu, wala na povu la kopo. Na yule mwingine anayesema mimi naiuza tu mwezi ujao, huyo namjibu kwa ukali: ile bodi chini ya milango ndo inabeba gari, mikanda ya usalama imefungwa kwenye hiyohiyo bodi, ukiifunika ikiwa imeoza umemuuzia mwenzako ajali.

Kama ni kutu ya juujuu, haijatoboa, hiyo ni yako. Brashi ya waya au diski ya kusugulia mpaka uone chuma kinang'aa, na kwenye vile vishimo vidogo ambavyo brashi haifiki paka ile dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, inageuza kutu kuwa kitu kigumu kisichoendelea kula, fuata maelezo ya kopo ya kuisafisha, alafu usikae. Chuma kitupu kinaanza kushika kutu haraka, hewa ikiwa na unyevu usiku mmoja unatosha. Kausha, piga praima ya epoksi, yani ile rangi ya msingi inayotangulia, hiyo inafunga maji yasifike kwenye bati. Praima nyingi za kawaida zinapitisha unyevu, kwahiyo wewe unayeiacha gari na praima ya kijivu nje miezi ukingoja hela ya rangi ujue kutu inaendelea huko chini.

Puti inakuja baada ya hapo, na iwe nyembamba, zaidi ya milimita 3 hivi ujue bati halijanyooshwa vizuri, rudi kwenye nyundo. Haidena, ile dawa ya kukausha inayochanganywa na puti, ni kama asilimia 2 kwa uzito, yani gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Watu wana haraka wanajaza haidena iwahi kukauka, alafu wiki chache baadaye rangi nyeupe inatoa madoa ya njano pale kwenye puti, wanalaumu rangi tena! Ni haidena imepanda juu. Na puti usiisugue kwa maji, nimeshasema inanyonya.

Sasa msasa, na hapa naomba mnisikilize maana ndo kazi yenyewe. Namba ikiwa kubwa msasa ni laini. Puti unaichonga kwa 80, unafuta mikwaruzo ya 80 kwa 180, ya 180 kwa 320, ukishapiga praima ya kujazia unasugua kwa 400 mpaka 600, ndo rangi inaingia. Huwezi kuruka. Ukitoka 80 ukaenda 400 ile mikwaruzo mikubwa iko palepale, umeing'arisha juu tu, na rangi ikikauka inanywea ndani ya kila mkwaruzo, baada ya mwezi ukiiweka gari juani unaona mistari yote. Na usisugue kwa vidole, vidole vinachimba mifereji, funga msasa kwenye kibao kilichonyooka, kirefu kadiri sehemu inavyoruhusu, sugua kwa mshazari, huku alafu huku. Kabla ya kusugua praima pulizia ukungu mwembamba wa rangi nyeusi ya kopo, ukungu tu, alafu sugua. Pale weusi ulipobaki ni bonde, pale ulipofika kwenye bati mapema ni kilima. Jicho lako kwenye praima ya kijivu halioni kitu, huo weusi ndo unakuonyesha. Alafu funga macho, pitisha kiganja kikiwa ndani ya glavu nyembamba au juu ya kitambaa, kiganja kinajua kuliko jicho.

Na kabla ya huo msasa wote, osha. Nimeona watu wanaanza kusugua gari ambayo juzi ilipakwa polishi. Ukisugua hivyo unasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo na hayatoki tena. Sabuni na maji kwanza, kausha, alafu dawa ya kutoa mafuta kwa vitambaa viwili, kimoja cha kupakia, kingine kikavu kufuta kabla haijakauka yenyewe, maana ikikauka yenyewe mafuta yanarudi palepale. Adui mkubwa hapa ni silikoni, ile ya kung'arisha dashibodi na matairi, tone dogo tu likitua kwenye bati rangi inakimbia inaacha viduara vyenye tundu katikati. Kwahiyo ninyi mnaofanya ndani na nje kwa pamoja, ile dawa ya kung'arisha dashibodi isifunguliwe kabisa eneo hilo mpaka rangi imalizike. Hata hewani inasafiri.

Kuna jambo silipunguzi hata kama muda ni mdogo. Rangi, klia (ile ya mwisho isiyo na rangi inayong'arisha juu) na hata praima za kujazia zinazochanganywa na haidena, nyingi zina kemikali inayoitwa isosayaneti. Ukiipulizia ukaivuta inaweza kukupa pumu ambayo haiponi, na mwili ukishaikataa mara moja kiasi kidogo sana baadaye kinakulaza. Haina harufu ya kukuonya kwa wakati. Barakoa ya kitambaa haifanyi chochote hapo, na barakoa ya chujio la mkaa huwezi kujua limeisha lini, wanaofanya kazi hii kila siku wanavaa ile inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje, pamoja na nguo nzima na glavu, maana inapita hata kwenye ngozi na macho. Kama huna hivyo, kazi ya nyumbani iishie kwenye msasa na praima isiyo na isosayaneti, rangi yenye haidena na klia peleka kwenye chumba cha kupulizia. Hiyo sio aibu, asilimia kubwa ya kazi unakuwa umeshaifanya mwenyewe. Na usiniambie fulani amepiga miaka yote na yuko mzima, muulize usiku anakohoaje. Makopo ya kubonyeza yenye haidena ndani ni yaleyale, yasikudanganye kwa udogo. Alafu gari za zamani sana, hasa za njano na nyekundu, rangi yake inaweza kuwa na risasi, zisugue kwa maji, vaa barakoa ya vumbi, watoto wasicheze pale na lile tope usimwage shambani.

Kupulizia kwenyewe nitasema haraka. Nusu ya mstari ulale juu ya mstari uliopita, mkono uende sambamba na bati usizunguke upinde, subiri kati ya koti na koti kama kopo linavyosema, ukiwahisha unafungia tina, ile ya kuzimulia rangi, ndani na baadaye rangi inatoa vitundu. Na wengine hamhitaji rangi mpya kabisa! Chukua kitambaa cheupe, kompaundi kidogo, ile dawa ya kusugulia rangi ing'ae, sugua sehemu iliyojificha. Kitambaa kikichukua rangi ya gari hiyo haina klia, inawezekana imechujuka juu tu na kompaundi itaifufua. Klia ikishabanduka magamba hiyo haifufuki, inasuguliwa yote.

Ndani. Naona mnaangalia saa, kwahiyo nachagua. Kapeti usinunue kabla hujajua maji yanaingilia wapi, inua ile ya zamani, kaa ndani mwenzako amwage maji nje kwa mpira, anza chini, panda kidogokidogo, tafuta kwenye raba ya kioo cha mbele na ile plastiki nyuma ya kava la mlango, watu wakishafungua mlango wanaichana hawairudishi. Bati la chini litibiwe kutu kama nilivyosema huko nje, ni habari ileile.

Dari iliyolegea usiipulizie gundi kupitia kitambaa. Ile sponji nyuma ya kitambaa imeshaoza kwa joto na unyevu, imekuwa unga, na gundi haishiki unga. Shusha ubao wote, sugua unga wote kwa brashi mpaka ubao uwe msafi, kitambaa kipya chenye sponji yake, gundi inayovumilia joto. Dashibodi iliyopasuka imepasuka kwasababu mafuta yanayolainisha plastiki yametoka kwa jua, ule ukungu wa kunata unaoufuta ndani ya kioo cha mbele sehemu yake ndo hiyo, kwahiyo kivuli kitasaidia kuliko dawa yoyote.

Siti: kabla ya kugusa siti au usukani kwenye gari yenye eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, toa waya wa betri, subiri muda ambao kitabu cha gari kinasema, ndo uchomoe soketi. Kama siti ina eabegi ya pembeni usiishonee kava linaloifunga, mshono wa pale umetengenezwa uchanike, wewe ukishona kwa uzi mgumu umeifungia. Mkanda wa usalama haubadilishwi rangi, sitaki kusikia habari ya kuuloweka kwenye rangi wala jiki, nyuzi zinadhoofika. Sabuni laini na maji, basi. Na kitambaa chochote unachoweka ndani uliza kama ni cha magari, Marekani wana sheria tangu 1972 kwamba moto usitembee juu yake zaidi ya milimita 102 kwa dakika, kitambaa cha pazia hakijapimwa hivyo.

Nilitaka kuongelea kushona rekisini na raba za milango lakini muda umekwisha. Walioleta vipande vya bati tokeni nje, vibao na msasa wa 80 viko mezani, ndoo ya maji isiguswe mpaka tufike kwenye praima.