Picha ya Mnyama Huyu

Wazee wangu, shikamooni. Wachoraji wenzangu na wapenzi wa sanaa, habari za jioni. Nimeombwa nieleze ninavyochora sura za wanyama, ni nani walionifundisha kutazama, na ninavyozifikisha picha hizo kwa watu. Nitaanzia ndani ya jicho la sungura.

Mwaka 1502 Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, alimchora sungura kwa rangi za maji. Sungura amejikunyata, masikio yamesimama, na kila fungu la manyoya limelala upande wake. Ukisogea karibu utaona ndani ya jicho lake umbo dogo la dirisha. Dirisha lile ndilo lililonifanya niwe mchoraji wa wanyama. Linaniambia kwamba mwanga ule ulimwangukia sungura huyu, mahali fulani, saa fulani.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1515, mtu huyo huyo alichora kifaru. Kifaru alikuwa amefikishwa Lisbon kwa meli kutoka India, na Dürer hakuwahi kumwona. Alipata maelezo ya barua na mchoro wa mtu mwingine, akatengeneza picha iliyochongwa kwenye ubao na kupigwa chapa. Kifaru wake amevaa ngozi kama deraya ya askari, na juu ya mabega ana kipembe cha ziada. Kwa zaidi ya miaka 200 watu wengi wa Ulaya waliamini kwamba hiyo ndiyo sura ya kifaru. Mkono ulikuwa ule ule na ufundi ule ule. Kilichokosekana ni mnyama mbele ya macho.

Kosa hilo nami nimelifanya. Mmoja wa wateja wangu wa mwanzo alikuwa amefiwa na mbwa aliyeishi naye miaka mingi. Aliniletea picha moja iliyopigwa jioni, giza limeshaingia. Sehemu nisizoziona nilizijaza kwa kutazama picha za mbwa wengine wa aina hiyo. Mama yule aliitazama kazi yangu kimya, kisha akasema, "Mbwa mzuri sana. Lakini si wangu." Sikio la kushoto la mbwa wake lilikuwa likikunjika nchani, na puani alikuwa na baka la waridi. Mimi nilichora aina ya mbwa. Yeye alikuwa amempoteza mmoja. Nilimwomba aniletee kila picha aliyokuwa nayo, hata zile mbovu, nikaanza upya.

Kwa hiyo ninapozungumzia uhalisia sizungumzii kuhesabu nywele. Nazungumzia kumtambua huyu. Mwenye mnyama akiingia chumbani amtambue kabla hajafika karibu na picha.

Aliyenifundisha kazi iliyo chini ya ngozi ni George Stubbs, mchoraji wa farasi wa Uingereza. Alijifungia kijijini Horkstow kwa takriban miezi 18, akipasua mizoga ya farasi, akiondoa misuli tabaka kwa tabaka na kuichora mpaka akafika kwenye mifupa. Kazi hiyo aliichapisha mwaka 1766. Fikirini harufu, fikirini uvumilivu. Farasi wake maarufu, Whistlejacket, aliyemchora yapata mwaka 1762, ana ukubwa unaokaribia wa farasi halisi, na nyuma yake hakuna mti, hakuna anga, hakuna mtu. Ni yeye tu. Nami mandharinyuma yangu ni rangi moja tulivu kwa sababu hiyo: sitaki kitu kishindane na uso.

Mtindo wangu nauanzia machoni. Kama jicho halijakaa sawa, siendelei. Mboni ya paka wa nyumbani hujibana ikawa mstari wa wima, lakini ya simba na ya chui hubaki duara. Mchoraji anayempa simba jicho la paka amejifichua. Mboni ya mbuzi imelala kama mstari wa upeo. Hata akiinamisha kichwa kula, jicho lenyewe huzunguka ili mboni ibaki sambamba na ardhi. Na jicho jeusi kamwe si jeusi tupu: juu lina bluu ya anga, chini lina hudhurungi, na kile kinukta cheupe cha mwanga kina umbo la chanzo chake. Kama ni dirisha, liwe dirisha.

Manyoya huja mwisho. Wanafunzi wangu hawapendi kusikia hili, maana manyoya ndiyo raha yenyewe. Lakini ukianza na nywele moja moja utapata zulia. Naanza na vivuli vikubwa, nikiwa nimefumba macho nusu ili vitu vidogo vipotee. Kisha nafuata mwelekeo: kutoka puani nywele hupanda, hugawanyika katikati ya macho, huteremka mashavuni. Manyoya meusi siyatoi kwenye mrija wa rangi nyeusi. Nachanganya bluu iliyokolea na hudhurungi ya udongo uliochomwa, nayo yanapumua. Meupe yana zambarau kivulini na manjano juani. Nywele chache kali naziweka pale tu ambapo nataka jicho la mtazamaji litue.

Kuhusu picha za kamera, sina ugomvi nazo. Kabla ya mpiga picha Eadweard Muybridge kupiga picha za farasi akikimbia, mwaka 1878, wachoraji walimtandaza farasi hewani, miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma. Kamera ikaonyesha kwamba miguu yote minne huacha ardhi pale inapokusanyika chini ya tumbo. Tunaishukuru. Lakini simu ikisogezwa karibu na uso wa mbwa huikuza pua na kuyarudisha masikio nyuma, na ukiinakili hivyo umechora lenzi. Nawaomba wateja wapige kwa mbali kidogo, karibu na dirisha, na wapige magoti mpaka usawa wa macho ya mnyama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sasa, kuitangaza kazi. Wapo wanaoona aibu kutangaza, kana kwamba picha nzuri itajitembeza. Mtazameni Rosa Bonheur, mchoraji wa wanyama wa Ufaransa. Kwa mwaka mmoja na nusu alikwenda soko la farasi la Paris mara mbili kwa wiki kuchora, akiwa amevaa suruali kwa kibali cha polisi. Picha iliyotokana na safari hizo ina upana wa mita 5 hivi. Wakala wake, Ernest Gambart, aliipeleka Uingereza, akaizungusha kwenye maonyesho na kuuza chapa zake, na watu ambao wasingeweza kununua turubai lile wakapata nakala. Jina la Bonheur lilivuka bahari kwa chapa.

Mimi sina wakala, lakini nimejifunza mambo yale yale. Naonyesha kazi ikiwa bado mbichi, jicho likiwa limekamilika na uso ukiwa bado mchoro wa mkaa, kwa sababu watu hupenda kumwona mnyama akifika. Naweka picha ya kamera ya mnyama kando ya kazi yangu, kwa ruhusa ya mwenye mnyama, ili kila mtu apime. Sichori kutoka picha ya mpiga picha mwingine bila kibali chake. Huo ni wizi hata ukichora vizuri kumshinda. Na nikiona picha nilizoletewa hazitoshi, nakataa kazi. Kukataa kumeniletea wateja kuliko tangazo lolote, kwa kuwa hurudi na picha bora, na huja na jirani.

Mbwa wa yule mama nilimchora mara ya pili kwa miezi miwili. Ameniruhusu nizionyeshe picha zote mbili leo. Ziko hapa pembeni, bila maandishi yoyote. Njooni mzitazame kwanza, halafu tuanze maswali.